Mrejesho: simu mpya kung'ang'ania 2.4, nyumba ya wageni Lamu

Ahsanteni sana ndugu zangu. Swali lilikuwa: ruta ya Wi-Fi ina bendi mbili (masafa mawili ya mawimbi) zenye jina moja, mbona simu mpya zinarundikana gigahezi 2.4 na kuiacha 5 tupu?

Dawa haikuwa kile kitufe cha kusukuma vifaa kwenye 5. Nimekizima, maana mwenye kuamua ni simu, na zile kuukuu zilikuwa zikikataliwa mara kadhaa kabla ya kuingia. Kilichofaa ni kushusha nguvu ya 2.4 kutoka dBm 20 hadi 13 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), huku 5 ikibaki 20. Sasa simu mpya inaichagua 5 yenyewe.

2.4 iko chaneli 6 (chaneli ni njia ndani ya bendi), upana megahezi 20. 5 iko chaneli 36, upana 40. Kwenye 5, chaneli 52 hadi 144 ziepukeni: ruta ikihisi rada lazima ihame, na wote wanakatika.

Ukuta mnene wa matumbawe, hata hivyo, haupitishi 5 vizuri. Vyumba vya juu vimehitaji kituo cha pili cha kurusha Wi-Fi, kilichovutiwa waya kutoka kwenye ruta, chaneli 44 kwa 5 na 11 kwa 2.4.