Orodha ya kaya maskini: mwenye neno la mwisho ni mkutano wa kijiji au dodoso?

Wadau, nimeshuka jana kutoka nyumbani mlimani, Moshi, nina donge rohoni. Naleta hoja tuijadili, vyama tuviache mlangoni.

Utaratibu wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini kwa ruzuku mnaujua. Mkutano wa kijiji unataja kaya zenye hali ngumu, kisha wanapita waandikishaji na dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, mnalala wangapi. Kompyuta inapiga hesabu, majina yanarudi kijijini kuthibitishwa.

Sasa njooni uchagani. Jirani yetu, bibi mwenye wajukuu watatu, yumo kwenye nyumba ya tofali, bati la rangi, vigae sebuleni. Aliijenga mwanawe wa Dar, ya kufikia Desemba. Mwana alishafariki. Bibi anapika na kulala kwenye kibanda cha mbao nyuma. Ile sebule kaifunga kwa kufuli, hana hata stuli ya kuweka mle. Kihambani, yaani shamba la nyumbani, imebaki migomba ya kuhesabu kwa vidole. Mkutano ulimtaja na hakuna aliyepinga. Vigae vikaandikwa. Jina halikurudi.

Simlaumu aliyetunga dodoso, hawezi kujua mambo ya nyumba za Krismasi. Ndiyo maana kuna mkutano wa pili, na hapo ndipo tulipokwama. Uliitishwa siku ya soko, akina mama wote wako gulioni, majina yakasomwa mbio, tukatawanyika. Ninachotaka: kila jina lililokatwa liandikiwe sababu, orodha ibandikwe ofisini wiki mbili, na ajulikane kwa cheo nani anapokea malalamiko na anajibu ndani ya siku ngapi.

Mchangiaji wa Arusha:
Mkuu, unaiamini mno mikutano. Mimi nimekaa kwenye kamati ya kijiji huku kwetu. Nani atasimama aseme jirani yake ana ng'ombe wawili kawaficha kwa shemeji? Kesho ukifiwa, kaburi atakuchimbia nani? Watu wanainamisha vichwa, mwenyekiti anapitisha wa kwake. Uhakiki wa 2016 uliondoa maelfu ya kaya zisizostahili, na kaya zinaanzia kutajwa kwenye mikutano hiyo hiyo unayoisifu. Dodoso halina shemeji.

Mchangiaji mwingine:
Dodoso halina, mwandikishaji anaye.

Mchangiaji wa Moshi mjini:
Tusiishie TASAF. Mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ilisitishwa 2023, ikaja kurudi 2024 kwa utaratibu mpya. Pesa zilikuwepo. Vikundi vingine ndivyo havikuwepo, na vilivyokuwepo vingi havikurejesha. Kikundi changu cha ushonaji kilikuwa na marejesho safi, tukakaa tukisubiri pamoja na wale wa hewa. Kwa hiyo usimamizi mbovu haumuumizi mwizi, yeye alishakula. Unamuumiza anayefuata kwenye foleni.

Mwanzisha mada:
Wa Arusha, hapo kwenye kaburi umenishika. Kweli, hata mimi nisingesimama. Ila angalia: kwa bibi hakuna aliyeogopa kusema, tulisema wote, na hatukupata pa kupeleka. Hofu ni ya kumtoa mtu. Kumtetea mtu hakuna hofu. Basi tuzitenganishe: wa kuongezwa wajadiliwe hadharani, wa kutolewa waandikiwe kwa siri kwenye sanduku la maoni.

Mchangiaji wa Arusha:
Sanduku kwetu lipo. Ufunguo anao mwenyekiti.

Mwanzisha mada:
Haa! Basi ufunguo upelekwe kata, kwa afisa maendeleo ya jamii, na sanduku lifunguliwe siku ya malipo walengwa wakiona. Jumamosi ijayo napanda tena, nitampelekea mtendaji wetu hilo kwa maandishi pamoja na jina la bibi. Nani amewahi kuandika barua ya namna hii ikajibiwa? Anipe mfano wa alivyoiandika.