Droni ya kujifurahisha hapa Marekani: lazima tujiunge na klabu?

Wakuu habari za Jumapili. Naomba mnaorusha droni mnisaidie. Kijana wangu kapewa droni na mjomba wake, sasa kuna mzee jirani hapa mtaani anarusha ndege za remoti miaka yote, kamwambia huruhusiwi kurusha chochote mpaka uwe mwanachama wa AMA (kile chama cha warusha ndege za mfano) na kadi yao mfukoni, bila hivyo umevunja sheria ya serikali kuu. Kazini kuna jamaa anasema hamna kitu kama hicho, nunua, rusha. Mimi niko hapa kwa viza ya kazi na sitaki kabisa kuingia matatani na FAA, wale wa mamlaka ya anga, kwa sababu ya mchezo wa mtoto. Nani mkweli? Na kama ni kulipa nalipa wapi?

Baba wa Columbus

---

> Na kama ni kulipa nalipa wapi?

Kaka jiunge tu ulale usingizi. Mimi niko AMA, bima napata humohumo, na uwanja wetu bila kadi hata geti hufunguliwi. Hela yenyewe haiumizi.

---

> Kaka jiunge tu ulale usingizi

Samahani mkuu, heshima yako ipo palepale, ila hapa tusimpoteze ndugu yetu. Mzee jirani hajakosea yote, kachanganya tu. Sheria inakutaka UFUATE mwongozo wa usalama wa chama kimojawapo kinachotambuliwa na FAA, haikutaki uwe mwanachama wake. Hulipi, hujazi fomu, hubebi kadi. Unachagua mwongozo mmoja (wameuweka kwenye intaneti bure), unausoma, unarusha kwa kuufuata, na siku afisa akikusimamisha akauliza unafuata wa nani unamtajia. Basi.

Huo mchanganyiko lakini una asili yake, ndio maana wazee wa ndege za mfano wanaushikilia mpaka leo. Sheria ya mwaka 2012, kifungu cha 336, ilisema urushe kwa kufuata mwongozo wa jumuiya NA ndani ya programu ya chama cha kitaifa, na enzi hizo ukitaja chama cha kitaifa kila mtu anajua unasema AMA, wapo tangu 1936, makao yao Muncie, Indiana. Watu wakasoma hapo kwamba uanachama ni lazima na ubishi ukawa hauishi. Oktoba 2018 Bunge likakifuta kifungu hicho likaleta kingine, 44809, na safari hii wakaandika kwa kufuata mwongozo AU ndani ya programu. Hiyo au ndiyo inayokuokoa wewe. Halafu mwaka 2022 FAA wakatoa utaratibu wa kutambua vyama rasmi, kwa hiyo sasa hivi AMA hayuko peke yake, wapo Flite Test, wapo First Person View Freedom Coalition (hawa wa mbio na ile miwani inayokuonyesha picha ya kamera ya droni), wapo STEM+C. Chagua unayemwelewa.

Sasa yule jamaa wa kazini wa nunua rusha, huyo ndiye wa kumwogopa. Watu hawajui kwamba kurusha kwa kujifurahisha ni msamaha. Kwa kawaida kila droni ndogo Marekani iko chini ya Part 107, ile kanuni ya FAA ya wenye cheti cha kurusha kikazi, na wewe wa burudani umesamehewa cheti hicho kwa masharti, na masharti yenyewe unayatimiza yote, si nusu nusu. Ukiacha moja, mfano huna mwongozo wowote unaoufuata au hujafanya mtihani, msamaha umekutoka, unahesabika umerusha bila cheti, na kwa sheria ya 2024 faini inaweza kufika dola 75,000 kwa kila kosa. Sisemi watakupiga yote hiyo kwa droni ya mtoto, ila kwa mwenye viza hata barua tu ya kujieleza ni usumbufu.

Kwa hiyo mambo ya kufanya na kijana. Mtihani kwanza, unaitwa TRUST, wa bure, uko mtandaoni tangu 2021, kufeli haiwezekani maana ukikosa swali wanakuambia kwa nini umekosa unachagua tena. Cheti kikitoka piga picha, jitumie kwa imeli, chapisha, kwa sababu waliokupa hawatunzi nakala na ukikipoteza unaanza upya. Kila anayeshika remoti awe na chake, usifikiri chako kinamfunika mtoto. Usajili ni dola 5 kwa miaka mitatu, namba moja inatumika kwa droni zako zote za kujifurahisha, na anayesajili awe na miaka 13 kwenda juu, akiwa mdogo sajili wewe. Droni isiyofika gramu 250 haisajiliwi ikiwa ya burudani, ila masharti mengine yote yanabaki, mtihani ukiwemo. Na hapo kuna mtego mdogo. Zile ndogo zimetengenezwa makusudi ziwe gramu 249, sasa wewe unamwekea mtoto vile vikinga vya mapanga asijikate, au unanunua betri kubwa ikae hewani zaidi, tayari umevuka 250 na unatakiwa kusajili na kuwa na Remote ID, ile redio inayotangaza droni iko wapi na wewe uko wapi. Mzani wa jikoni unatosha kukuambia, pima ikiwa na kila kitu juu yake.

Namba ya usajili ibandike NJE. Zamani uliweza kuificha kwenye kitundu cha betri, tangu Februari 2019 hapana, inatakiwa ionekane bila kufungua chochote.

Kuhusu anga. Sehemu ambayo haina uangalizi wa mnara mwisho ni futi 400 kutoka ardhini. Karibu na viwanja vya ndege vingi unaomba ruhusa kwanza kupitia LAANC, mfumo wa FAA wa ruhusa hizo, unaifanyia kwenye simu na ni bure. Ukifungua ramani utaona vimiraba, kila kimoja na namba yake, 0, 100, 200, 400, hizo ni futi unazoweza kupewa hapo bila mjadala. Unagusa mraba wako, unaweka saa na urefu, mara nyingi jibu linarudi hata hujafunga begi. Mraba wa 0 achana nao, nenda bustani nyingine. Uione droni kwa macho yako muda wote, na kijana akitaka kuvaa miwani basi awepo mtu amesimama pembeni yake anayeitazama. Ndege yenye watu ikipita unaipisha wewe.

Viza: hakuna anayekuuliza uraia ili urushe kwa kujifurahisha. Ukiwa si raia wala mkazi wa kudumu unajisajili palepale, tofauti ni kwamba karatasi utakayopewa FAA wanaihesabu kama kutambua kwamba droni ni yako, si cheti cha usajili wa kimarekani. Kwa matumizi yako ni kilekile.

AMA sio wabaya jamani. Kama unataka uwanja uliokatwa nyasi, bima na wazee wa kumfundisha kijana kutua, jiunge, hela yako haijapotea. Geti la klabu ni la klabu, wana haki ya kudai kadi. Ila kwenye uwanja wa wazi ambao jiji limeruhusu (angalia sheria za bustani za jiji lako, nyingi zina katazo lake, na hifadhi za taifa zote zimefungwa tangu 2014) huhitaji kadi ya mtu.

---

Asante kwa darasa, nimelihifadhi. Mie niko Maryland, mbona droni ya mwanangu ilikataa kabisa kuruka?

---

> ilikataa kabisa kuruka

Dada, uko karibu na DC. Duara la ndani, maili 15 za baharini (ndefu kidogo kuliko maili ya kawaida) kutoka uwanja wa ndege wa Reagan, burudani hakuna kabisa. Kati ya 15 na 30 inaruhusiwa kwa masharti. Pima kwenye ramani kutoka Reagan mpaka kwako, ukiwa ndani ya 15 itabidi mwende mbali kidogo.

---

Shukrani sana wote, mzee jirani nitampelekea hii habari ya 44809 taratibu asije akanuna. La mwisho: mwezi ujao jumuiya yetu ina bonanza, tulipanga kijana apige picha za juu tuziweke kwenye ukurasa wa chama. Hatumlipi hata senti. Hapo si burudani?

Baba wa Columbus

---

> Hatumlipi hata senti

Hapana kaka, na wengi wanaingia hapohapo. FAA hawaangalii malipo tu, wanaangalia unarusha kwa ajili ya nini. Akipiga kwa raha zake na picha zikabaki kwake ni sawa. Mkimpa kazi ya kupigia chama, hata bure, hata kwa kujitolea, hiyo ni 107: mtihani wa maswali 60 kwenye kituo, dola 175, awe na miaka 16, aelewe Kiingereza, uraia hauhitajiki. Na hata mwenye cheti harushi juu ya vichwa vya watu hivihivi, kuna masharti yake. Mwache kijana afanye mazoezi siku nyingine, bonanza mtafute mwenye cheti.

---

Haya. Kuna mdau mwenye 107 Columbus au karibu? Tutamlipa, na pilau lipo. Aniandikie pembeni tafadhali, si kwenye kundi zima.

Baba wa Columbus