Mnunuzi ndiye kashika mizani! Sisi wa Igombe tumechoka kuhesabiwa mlango ukiwa umefungwa

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za mchana. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na nyuzi za vyama. Sijaja kumpigia debe mtu.

Nianze kwa kujitambulisha maana najua maswali yatakuja. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Igombe, Ilemela, Mwanza. Nina miaka 58, mke mmoja, watoto watano, wajukuu ninao. Kadi ya chama ninayo tangu nikiwa kijana, chama gani nakiacha. Jumapili nipo kanisani. Ujana wangu nimekesha na sungusungu enzi zile wezi wa ng'ombe wanatutesa Usukumani. Maandamano sijawahi kuandamana hata siku moja. Kwa hiyo anayetaka kuniita mwanaharakati wa kulipwa, atafute mwingine. Mimi ni mtu wa utaratibu, wa kuheshimu wakubwa, wa kila mtu kula jasho lake. Na ndiyo maana nina hasira.

Oktoba 2024 tulijiandikisha kwenye daftari la mtaa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, tarehe 11 hadi 20. Wengi hawaelewi kwamba daftari hilo si lile la kudumu la mpiga kura. Kadi yako ya kupigia kura rais haikuingizi humo, unaandikwa upya. Nikaenda siku ya pili, nikaandikwa, nikaweka sahihi.

Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu. Amefundisha nusu ya watu wazima wa hapa, mimi mwenyewe watoto wangu watatu wamepita mikononi mwake. Tulimbembeleza agombee uenyekiti. Yeye na mimi vyama vyetu ni tofauti, lakini mwenyekiti wa mtaa si mbunge, ni mtu wa kumgongea mlango usiku ukiwa na mgonjwa au mgogoro wa mpaka wa shamba. Akakubali. Akachukua fomu, akajaza kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni, akarudisha. Siku majina yanabandikwa, lake halipo. Sababu: jina la chama kaliandika kwa kifupi.

Kwa kifupi, wakuu. Herufi. Akakata rufaa, ikatupwa. Nilikuwa naye siku anatoka kwenye ofisi ile. Hakusema kitu. Alikunja ile karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati, tukapanda bajaji tukarudi nyumbani.

Na msidhani hayo ni ya upinzani peke yake. Ndani ya chama changu tulipiga kura za maoni kumtafuta mgombea. Aliyeongoza tunamjua, tulijipanga mstari nyuma yake tukahesabiwa. Jina lililorudi kutoka juu ni la mshindi wa tatu. Tukiuliza tunaambiwa "vikao vimeamua". Vikao gani, vya nani, vilivyokaa wapi?

Ikafika tarehe 27 Novemba 2024. Asubuhi saa mbili niko kwenye foleni, orodha imebandikwa ukutani nje ya darasa. Natafuta jina langu kwa kidole, naliona. Mistari michache juu yake naona jina la jirani yangu. Huyo jirani tulimzika Machi mwaka huo huo, na jeneza nilibeba mimi. Daftari limeandikwa Oktoba, yeye kafariki Machi. Nani alimwandika? Nilimwita kijana aliyekuwa akisimamia foleni nikamwonyesha. Akaniambia, "Mzee, piga kura yako uende."

Saa kumi jioni kituo kikafungwa. Wakala mmoja akatolewa nje kwa madai kwamba barua yake haina muhuri. Tulikaa chini ya mwembe mpaka giza likaingia, mlango wa darasa umefungwa. Mtu akatoka, akatamka mshindi, akaingia kwenye gari. Sikuona karatasi ya matokeo ikibandikwa. Asubuhi yake nikarudi makusudi, labda waliibandika usiku. Mlango mtupu.

Kitaifa baada ya hapo tukatangaziwa kwamba chama kimoja kimechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mwaka 2019 ilikuwa vile vile, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mimi nikiwa na kadi ya chama naulizwa na mjukuu wangu, "Babu, mmeshinda?" Nimjibu nini?

Sasa nisikilizeni kuhusu mizani, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Njoo mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi. Dagaa wabichi wanapimwa kwa karai. Mwenye mzigo yupo upande huu, mchuuzi upande ule, mpimaji katikati. Anajaza, anatikisa, dagaa wanashuka, anaongeza, anapitisha kiganja juu. Akipitisha kiganja kwa kukandamiza, akina mama wote waliopo wanapiga kelele kwa pamoja, hata wale ambao mzigo si wao. Kila karai kumi jiwe moja linawekwa pembeni. Mwisho mawe yanahesabiwa kwa sauti. Hakuna anayemwambia mwenzake "niamini". Watu ni ndugu, wanasali pamoja, wanazikana, na bado mawe yanahesabiwa mbele ya wote. Heshima inabaki kwa sababu hesabu imeonekana.

Marehemu baba alikuwa mkulima wa pamba, Magu. Alikuwa akitusimulia jinsi wakulima walivyopunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Mwenye mizani ndiye mnunuzi, na ndiye anayesoma kilo. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa wakasema basi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Huko ndiko vilikotoka vyama vya ushirika vya pamba, mpaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mbele. Hawakuchoma ghala la mtu. Walidai mizani.

Na huyo huyo Bomani, uchaguzi wa 1965 akiwa Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni kwake hapa hapa Mwanza. Nchi ya chama kimoja! Wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, wananchi wakachagua, waziri akaanguka. Kura ikahesabiwa na ikaheshimiwa, pamoja na ukubwa wa jina lake na mema aliyotutendea. Mwaka 2024 tuna vyama kibao, na mwalimu mstaafu anakatwa kwa herufi.

Uchaguzi wa mitaa na vijiji unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wakati wa uchaguzi ule wa 2024 TAMISEMI ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Rais ni mwenyekiti wa chama chenye wagombea kwenye uchaguzi huo huo. Simtuhumu mtu kwa jina, nasema mnunuzi ndiye kashika mizani na ndiye anayesoma kilo. Sheria ya Tume ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa mitaa, ikaiacha isubiri sheria nyingine ya Bunge. Tukasubiri, uchaguzi ukapita, TAMISEMI wakasimamia kama kawaida.

Kuna watu watasema mwenyekiti wa mtaa ni jambo dogo. Dogo? Ibara ya 8 ya Katiba inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 145 na 146 zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Angalieni madaraka yanavyosafiri kinyume. Vyama vya ushirika tulivyojijengea vikafutwa 1976 kwa amri, mkulima hakuulizwa. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU ya umeme. Mwanangu kapanga chumba Buswelu. Nyumba si yake, ila akinunua umeme kodi ya nyumba inakatwa kwake, na akimwambia mwenye nyumba anaambiwa "hiyo ni ya serikali". Mwaka huo huo 2021, Julai, zikaja tozo za miamala ya simu. Mjane wa Ukerewe alitumiwa elfu ishirini na kijana wake, pesa iliyoshakatwa kodi mara ngapi, ikakatwa tena. Zilipunguzwa baada ya kelele. Lakini kabla ya kelele nani aliulizwa?

Msinielewe vibaya, sikatai kodi. Nalipa ushuru mwaloni kila siku ya Mungu. Sikatai hata sheria ngumu. Marufuku ya kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 naiunga mkono kwa moyo wote, na makokoro yateketezwe, ziwa hili ni la wajukuu. Lakini operesheni ya 2018 iliyochoma nyavu hapa ziwani, kama wangepita kwanza kwa wenyeviti tuliowachagua wenyewe, wale wangewaonyesha ni nani mvuvi haramu na ni nani mama aliyekopa akanunua nyavu dukani bila kujua vipimo. Mwenyekiti aliyeletwa na vikao hawezi kukusemea. Hajui deni lake liko kwako, anajua liko huko juu.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Mimi nina wasiwasi nayo. Pesa isiyo na riba inayotolewa karibu na uchaguzi, orodha ya vikundi hatujasomewa, marejesho hatujui. Zamani tulichangishana, tukajenga madarasa kwa nguvu zetu, na kila mchango ulisomwa mkutanoni kwa jina na shilingi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mmeiona wote. Intaneti ikazimwa, watu wakafa, Mwanza nayo haikusalimika. Halafu matokeo ya urais: mshindi asilimia 97.66. Mimi nilikemea vijana waliochoma mali za watu na nitakemea tena. Lakini kijana mmoja wa hapa mwaloni, mbeba mizigo, mtoto mwenye adabu, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, wewe ulifuata utaratibu wote 2024. Ulipata nini?" Wakuu, nilikosa la kumjibu. Mimi ndiye niliyewafundisha hawa watoto kungoja foleni. Na matokeo ya urais, Ibara ya 41 imefunga mlango, mahakama haiwezi kuyahoji yakishatangazwa. Mtu mwenye kinyongo aende wapi kwa amani?

Ninachotaka hakihitaji pesa za wafadhili. TAMISEMI waachie uchaguzi wa mitaa. Fomu ikiwa na kosa la herufi, mgombea aitwe asahihishe hapo hapo mbele ya watu, kama mpimaji anavyoambiwa arudie karai. Kura zihesabiwe mlango wazi, kila karatasi ikiinuliwa juu tuione, na matokeo yabandikwe kabla mtu yeyote hajaondoka kituoni. Na mgombea binafsi aruhusiwe. Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha hapo, ilishaamua Juni 2013 kwamba kumkatalia ni kuvunja haki. Mwalimu wetu angegombea kwa jina lake mwenyewe, kusingekuwa na cha kuandika kwa kifupi.

NYONGEZA: Naona wengi mmeshachangia, nawajibu wawili watatu.

Mkuu uliyesema nirudishe kadi kama nimechoka: sirudishi. Kadi nimeilipia ada miaka yote hiyo. Nyumba ikivuja unapanda juu kuziba, huhami ukawaachia waliotoboa bati.

Dada uliyeuliza mwalimu yuko wapi sasa: yupo, anafuga kuku, watu bado wanampelekea migogoro yao jioni. Anasuluhisha bila muhuri.

Kijana uliyeandika kwamba wazee ndio tulioharibu: kuna ukweli, mwanangu. 2019 niliona wenzetu wanaenguliwa nikanyamaza kwa sababu chama kilichonufaika kilikuwa changu. Hilo nimelitubu mbele za Mungu na leo nalisema mbele yenu.

Jumamosi nimeomba nafasi kwenye mkutano wa mtaa nisomewe mapato na matumizi. Barua nimepeleka, nakala ninayo, sahihi ya kupokelewa ipo. Walioko Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Ukerewe na Sengerema: mtaani au kijijini kwenu ni lini mara ya mwisho mlisomewa mapato na matumizi hadharani? Andikeni mwezi na mwaka tu, nitaviandika vyote kwenye daftari langu la dagaa niende navyo.