Mungu katupa milima miwili, sisi tukachimba mashimo tisa: wachezaji gofu wa Arusha na Moshi, tupeane uzoefu

Nanga_ya_Tengeru
Wakuu, habari za jioni. Jana nimerudi na basi kutoka Nairobi, nimekaa dirishani. Juzi yake mwenyeji wangu alinipeleka Limuru, uwanja wa mashimo 18 katikati ya chai, majani yamenyolewa kama kichwa cha kuruta. Nikajisemea sawa, hao ni Wakenya, wana Muthaiga, Karen, Windsor, na ile Royal iliyoanza tangu 1906. Sikuona wivu.

Wivu ulinipata baada ya Longido, Meru ulipoanza kujitokeza. Pale Oldonyo Sambu ardhi inapanda na kushuka yenyewe, mabonde ya wastani, upepo kidogo, mlima nyuma. Huko nje mtu analeta matingatinga miezi na miezi atengeneze vilima vya namna ile, na bado haviji hivyo. Sisi tumepewa bure. Halafu mjini Arusha Gymkhana ni mashimo 9, Moshi Club ni mashimo 9. Ukitaka 18 unazunguka mara mbili kama mtu aliyesahau funguo.

Kila mwenye kisa amwage hapa. Kiwanja kilichokutesa usikitaje jina, uzi usije ukafungwa.

Chalii_wa_Sanawari
Mkuu umeruka Kiligolf makusudi? Ipo Usa River hapo, mashimo 18, kachora David Jones wa Ireland Kaskazini. Huku Meru, kule Kilimanjaro. Mara ya kwanza nilipoteza mpira kwa kushangaa mlima, kedi (mbeba fimbo) akaniambia "bosi, mlima haukimbii, tazama mpira."

Nanga_ya_Tengeru
Sijairuka, naipenda kuliko unavyodhani. Lakini ni mmoja, kwa ukanda mzima kuanzia Monduli hadi Rombo. Mtu akijenga ghorofa moja kijijini hatusemi kijiji kimekuwa mji.

MamaNai
"Kama mtu aliyesahau funguo" 😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka.

FundiMajani
Nimetunza viwanja miaka kumi na kitu, niseme kidogo. Majani tunayo ya kumwaga. Ukoka huu tunaoung'oa shambani kwa matusi ndio wenzetu wanauita bermuda, wanaupanda kwa gharama. Majani ya kikuyu ni ya nyanda zetu hizi za Afrika Mashariki, ndiyo maana yakapewa jina la Wakikuyu, na nendeni mkaangalie feawei (njia za kuchezea) za kiwanja cha Riviera kule Los Angeles: ni hayo hayo. Huku kwetu ng'ombe anakula.

Shida huanza Januari. Maji yanapungua, na mfereji unaopita kiwanjani ndio huohuo unaokwenda kwenye migomba ya watu. Kule Uchaggani mfongo (mfereji wa asili) una zamu, na zamu ina wazee wake. Wewe na grini zako, pale penye shimo na bendera, utasubiri. Halafu mashine. Grini hukatwa milimita tatu, nne hivi, inataka bleda (kisu cha mashine) kali. Kuna sehemu niliajiriwa nikakuta bleda imekwisha, inang'ata badala ya kukata. Baada ya siku mbili ncha za majani zinakauka, kiwanja kizima kinakuwa rangi ya ugoro. Kamati inakuja inasema "Fundi, mbolea." Nasema bleda. Wanasema mbolea. Nikaletewa mifuko sita ya urea, bleda sijaiona hadi naondoka.

Laizer_Kisongo
Nasoma kimya ila nimechoka. Hiyo ardhi mnayoiona dirishani "inapanda na kushuka yenyewe" ina wenyewe. Mimi nimechunga hapo. Kabla hamjaweka bendera zenu muulize mifugo itakunywa wapi.

Chalii_wa_Sanawari
Sasa bro nani kasema tunapora? Ni stori tu za gofu.

Laizer_Kisongo
Kila kitu huanza na stori tu.

Meku_Rau
Laizer yuko sahihi. Na huku Moshi hata pa kuanzia hakuna, kihamba changu (shamba la ukoo) ni nusu eka, ndizi, kahawa, kaburi la babu. Labda shimo moja, pa tatu (la mikwaju mitatu), upite juu ya kaburi.

Nanga_ya_Tengeru
Meku 😂😂 na mbege (pombe ya ndizi) ndiyo shimo la kumi na tisa, yaani baa ya baada ya mchezo.

Kedi_Mstaafu
Vijana hamjambo. Mmenikumbusha mbali, ngoja niseme.

Nilianza ukedi nikiwa na miaka 13, kiwanja kimoja cha hukuhuku kaskazini, wenyewe wakisoma watajijua. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa tawi la mpera lililopinda chini. Siku hizo grini za pale hazikuwa za majani. Zilikuwa brauni, mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari usipeperuke na mpira uteleze sawasawa. Mchezaji akishatumbukiza, kedi anachukua gunia lenye kamba analiburuta kuzunguka shimo mpaka nyayo zifutike. Narudi nyumbani miguu myeusi, mama anauliza, umeshinda gereji?

Mwaka huo kukawa na mashindano, mgeni rasmi mtu mzito. Oili hakuna mji mzima, mafundi walikuwa wanawauzia watu wa kupaka mbao dhidi ya mchwa. Msimamizi wetu akaja na akili yake: molasi. Ile ya kulishia ng'ombe. Alikuwa ameona barabara za kwenye miwa zinamwagiwa molasi na vumbi linatulia. Na kweli, barabarani inatuliza, kwa hilo hakukosea. Ijumaa jioni tukamwaga mapipa manne, brauni zote tisa, tukasawazisha kwa bomba la chuma. Jumamosi alfajiri zinang'aa kama kiatu cha askari. Msimamizi akatushika mikono mmoja mmoja.

Saa tatu jua likapanda. Shimo la kwanza mpira ukatua kwenye brauni, pu, ukakaa hapohapo kama umeangukia ugali. Shimo la pili nikaburuta gunia, mchanga wote ukaja nalo kama mkeka. Wakubwa wanatazamana, hakuna anayesema kwa sababu mgeni rasmi yupo. Shimo la tano ndipo nikausikia mlio. Ng'ambo ya ua kulikuwa na shamba la kahawa na mizinga juu ya miti.

Mgeni rasmi ameinama, anapima mstari wake. Nyuki wa kwanza akatua kwenye kofia. Nikamwona. Sikusema, kwa sababu tulifundishwa kedi hafungui mdomo mtu akiwa anapiga. Hilo najutia mpaka leo. Wa pili, wa tatu, halafu wakaja ukoo mzima. Yule mzee alikimbia na fimbo mkononi, akalipita la sita, akalipita la saba, akaingia kwenye mfereji wa migomba akalala chali, pua tu ndiyo inaonekana. Mimi nilikuwa na akili za kitoto, nikatafuta cha kujifunika. Nikajifunika gunia.

Gunia lenye molasi.

Mama alinitoa miiba usiku ule kwa mwanga wa kibatari, anahesabu kwa Kichagga. Alipofika thelathini akaacha kuhesabu akaanza kulia.

MamaNai
Gunia lenye molasi jamani. Nimeshindwa kuendelea kupika.

Chalii_wa_Sanawari
Mzee shikamoo. Uzi ufungwe hapa, hakuna wa kuzidi.

Dk_wa_Mtaani
Stori nzuri ila nyuki hufuata maua, si molasi. Chumvi imezidi.

Kedi_Mstaafu
Simama kwenye kibanda cha juisi ya miwa saa saba mchana halafu uje uniambie tena.

Meku_Rau
Ukiumwa na nyuki usivute mwiba kwa vidole, kwangua kwa kitu bapa.

Dk_wa_Mtaani
Uongo, toa haraka kwa chochote ulichonacho, ukichelewa sumu inazidi kuingia.

FundiMajani
Kitunguu maji. Au magadi. Bibi yangu alikuwa anapaka mate tu na watu walipona, ingawa nadhani wangepona tu.

Nanga_ya_Tengeru
Wakuu uzi ni wa gofu, siyo wa nyuki.

Mpare_Mjini
Basi mimi swali la gofu. Kwa nini nikishuka kucheza Moshi mpira wangu haufiki? Arusha chuma (fimbo) namba 7 inanitosha, Moshi nabaki nyuma ya banka (shimo la mchanga) kila siku.

FundiMajani
Arusha uko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi kama 900 tu. Hewa nyepesi mpira unakwenda. Moshi ongeza chuma moja, yaani piga namba 6.

Meku_Rau
Siyo hewa. Watu wa Arusha ni maneno mengi, nguvu hakuna.

Chalii_wa_Sanawari
Meku usianze. Mbona Madina Iddi aliyeichezea timu ya taifa ni wa hapahapa Chuga (Arusha), na amekulia kwenye mashimo hayohayo tisa mnayoyasema vibaya?

Meku_Rau
Huyo simgusi. Nakusema wewe.

Laizer_Kisongo
Mzee Kedi, na hili nauliza kwa heshima: nani alichukua kombe?

Kedi_Mstaafu
Alipewa mchezaji wa kundi la mwisho. Walikuwa bado wanasubiri zamu, hakupiga hata mkwaju mmoja, lakini ndiye pekee aliyekuwa anaona kwa macho yote mawili wakati wa kupiga picha.

Nanga_ya_Tengeru
Na brauni?

Kedi_Mstaafu
Tulichota mchanga wote kwa karai, wiki mbili. Msimamizi akahamishiwa jikoni. Baadaye wakapanda ukoka, ndio huohuo mpaka leo, na Januari unakauka kama anavyosema Fundi.

Mpare_Mjini
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Dogo wangu ameanza kucheza, anatumia kushoto. Seti ya mtumba ya kushoto naipata wapi? Memorial (soko la mitumba Moshi) nimezunguka Jumamosi nzima, nimepata fimbo moja na mwavuli.

Chalii_wa_Sanawari
Mwambie azoee kulia, nchi hii hakuna ya kushoto.

FundiMajani
Usimlazimishe mtoto. Agiza Nairobi.

Kedi_Mstaafu
Ninayo moja ndani, kamili, imekaa miaka mingi. Yule mgeni rasmi alikuwa wa kushoto na hakurudi kuichukua. Njoo inbox tuelewane, ila begi lake bado linanata.