Uzamili wa insia za kidijitali kwa mkutubi: London, Alberta au nibaki UDSM?

MkutubiPwani: Wakuu, habari za leo. Mimi ni mkutubi, nataka kusoma uzamili wa insia za kidijitali, yaani kutumia kompyuta kuchunguza fasihi, historia na lugha. Natazama UCL au King's College kule London (mwaka mmoja), University of Alberta Kanada (unaweza kuunganisha insia za kidijitali na ukutubi), au nibaki UDSM nisome taaluma ya habari. Ipi bora? Mwisho wa mwezi natakiwa niwe nimeamua.

Kipanga77: Bora kwa lipi? Nani analipa? Digrii ya kwanza ulisoma nini? Lete nyama, mkuu.

DaNuru: Na ruhusa ya mwajiri unayo? Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza unarudi nyumbani kukaa miaka 2.

MkutubiPwani: Nilisoma historia. Mwajiri ni serikali, ruhusa bado. Ada sina, nategemea ufadhili.

BinSkana: Alberta, bila kufikiri mara mbili. Ukirudi na cheti cha insia za kidijitali pekee, afisa utumishi atakuuliza hicho ni kitu gani. Ukutubi upo kwenye muundo wa utumishi.

Kipanga77: Akae Kanada miaka yote hiyo kwa ajili ya afisa utumishi? London anamaliza mapema.

MzeeMakabrasha: Chuo changu sikitaji. Nilikwenda Ulaya na picha za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nikitaraji kurudi na njia ya kuzisomesha kompyuta. Muhula mzima tukahesabu maneno ya riwaya za Kiingereza! Msimamizi mtu mwema, ila Kiswahili hajui hata "karibu". Nikaishia kuweka alama za TEI (za kuonyesha kompyuta sehemu za matini) kwa mkono, ubeti baada ya ubeti, kisha nikajenga tovuti kwa programu ya Omeka. Kurudi ofisini, makofi, picha na mkurugenzi. Mwaka wa fedha uliofuata hakuna aliyetenga kifungu cha seva. Tovuti ikazimwa, kazi yote imo kwenye diski kabatini kwangu. Kabla ya kuomba nafasi, waandikie walimu uwaulize wanafanyia kazi lugha zipi.

DaNuru: Pole mzee. Lakini hati za Kiswahili nyingi ziko maktaba ya UDSM. Na baadhi ya zile za SOAS, chuo cha London, zimeshawekwa mtandaoni. Sasa London anafuata nini, baridi?

BinSkana: Picha ni picha tu, huwezi kutafuta neno ndani yake. Kuna programu ya Transkribus, unaweza kuifundisha kusoma mwandiko wa mkono.

Kipanga77: Nani aifundishe? Lazima kwanza mtu anukuu kurasa kwa usahihi. Vijana wa madrasa herufi wanazijua, ila Kiamu cha zamani kinawatoa jasho.

BinSkana: Wewe wa bara umekijulia wapi Kiamu?

Kipanga77: Nimeoa Lamu, shemeji. Uliza kingine.

MkutubiPwani: Jamani, uzi wangu! Je, nikisoma UDSM, huku najifundisha Python (lugha ya kuandikia programu) kwa masomo ya bure ya tovuti ya Programming Historian?

MzeeMakabrasha: Python utaijua. Kifungu cha seva nani atakusainia?

DaNuru: Mzee, hiyo diski inakiliwe kabla haijakufa. Nakufuata inbox.

FundiJalada: Nje ya mada kidogo: kuna mdau anauza skana ya A3 iliyotumika, Dar au Tanga?