Trekta la dizeli linaishiwa nguvu plau ikizama: je, ni pampu au ni mafuta?

Swali

Habari zenu, wataalamu. Nina trekta kuukuu la dizeli lenye injini ya silinda tatu, isiyo na tabochaja. Asubuhi linawaka bila kusumbua, likisimama linanguruma sawasawa, na hata likitembea barabarani bila tela sioni kasoro yoyote. Shida huanza nikishusha plau. Kwa dakika chache za mwanzo huvuta kama kawaida, kisha mlio wa injini huanza kushuka taratibu ingawa aksileta imefunguliwa hadi mwisho, na nisipowahi kuinua plau linazima. Nikilipumzisha kidogo hupata nguvu tena, lakini halichukui muda linarudia yale yale. Moshi wakati huo ni mwepesi, karibu hauonekani. Nimekwisha kubadilisha filta ya dizeli na kusafisha filta ya hewa, ile ya bakuli la oili, bila mafanikio. Fundi niliyemwita anasema pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwa mgandamizo hadi kwenye silinda, imechoka, na anataka kuifungua ili aongeze mafuta. Je, nimkubalie, au kuna mambo ya kukagua kwanza?

Jibu la kwanza

Ndugu, kwa sasa usimruhusu mtu yeyote kuigusa pampu hiyo, kwa kuwa maelezo yako mwenyewe yanaelekeza kwingine. Injini ya dizeli iliyoelemewa na mzigo, huku ikipata mafuta ya kutosha, hutoa moshi mweusi, kwa sababu gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini, huhisi mizunguko inapungua na kuongeza dizeli hadi hewa iliyomo ndani ya silinda ishindwe kuiunguza yote. Filta ya hewa ikiziba, moshi huwa mweusi vilevile. Ringi za pistoni zikiisha, moshi huwa wa bluu na oili hupungua. Klachi ingekuwa inateleza, ungesikia injini ikinguruma juu huku trekta likikwama, na wewe umesema mlio ndio unaoshuka. Injini inayopoteza mizunguko bila moshi mweusi, mara nyingi ina njaa ya dizeli.

Jambo la pili linaloniongoza ni hilo la kupata nafuu likipumzika. Injini isiyo na mzigo hunywa mafuta kidogo, kwa hiyo hata njia iliyobanwa huitosheleza. Plau ikizama, mahitaji hupanda ghafla, dizeli iliyokuwa ndani ya filta na mabomba huisha, na inayofuata haifiki kwa wakati. Ukisimama, filta hujaa tena polepole, nawe unadhani tatizo limekwisha.

Anza na lisilogharimu kitu, yaani kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa, na tundu hilo likizibwa na vumbi, tangi hunyonyeka ndani na dizeli hukataa kutoka. Kilegeze, ulime kama kawaida, uone kama kuna tofauti. Isipokuwapo, fungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo, ile ya kuvuta mafuta kutoka kwenye tangi, ukinge chombo safi chini yake na uiache dizeli itiririke yenyewe. Wengi hutazama sekunde chache tu, wakaona inamwagika vizuri, wakafunga. Iache imwagike kwa dakika kadhaa. Ikianza kwa nguvu kisha ikapungua hadi uzi mwembamba, kuna uchafu ndani ya tangi unaovutwa taratibu hadi mdomo wa kutolea mafuta, nao ukitulia huelea na kuondoka. Jaribio hili linafaa pale tu ambapo tangi liko juu ya pampu, jambo ambalo ni la kawaida kwa matrekta ya zamani.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, ila sipendi tuiondoe pampu ya nozo katika orodha mapema hivyo. Pampu iliyolika hupoteza mafuta kwa ndani, na dizeli ikipata joto huwa nyepesi na kuvuja zaidi, kwa hiyo nguvu hupungua injini ikishachemka. Kuna namna ya kutofautisha: pampu ya namna hiyo haiponi kwa mapumziko mafupi, kwani joto lake halijaondoka, na aghalabu injini hugoma kuwaka ikiwa ya moto ingawa asubuhi iliwaka vizuri. Likizima shambani, jaribu kuliwasha papo hapo.

Ikaguliwe pia pampu ndogo. Kiwambo chake, yaani utando laini wa ndani unaosukuma mafuta, kikipasuka hushindwa kusukuma, na katika injini nyingi dizeli huvujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ukiona kimo kimepanda bila wewe kuongeza, na oili inanuka dizeli, usiiwashe injini tena hadi ubadilishe kiwambo na oili yote. Vipande vya mpira vya njia ya dizeli navyo hudanganya, kwa sababu kwa nje huonekana vizima huku ngozi ya ndani imebanduka na kuwa kama kilango kinachojifunga mvuto ukizidi.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Kulegeza kifuniko hakukubadilisha kitu, oili iko kwenye alama yake na haina harufu, na likizima likiwa la moto huwaka bila tabu. Jaribio la kumwaga dizeli ndilo lililojibu: ilianza kwa nguvu, ikapungua, kisha ikawa matone. Nilipokoroga mdomo wa tangi kwa waya laini ikabubujika tena, ikatoka na magamba ya kutu na utando mweusi unaoteleza. Je, nikishapitisha waya hivyo inatosha?

Jibu la kwanza

Haitoshi, maana waya umeusogeza uchafu tu. Shusha tangi, ulisuuze kwa dizeli hadi itoke safi, na utoe kichujio cha waya kilichoko kwenye mdomo wake, kama kipo. Utando huo mweusi huota mahali maji yanapokutana na dizeli chini ya tangi, kwa hiyo uwe na desturi ya kufungua kizibo cha chini na kumwaga maji yaliyotuama. Filta uliyoweka juzi nayo ibadilishwe, kwani imekwisha kupokea uchafu huo.

Ukirudisha kila kitu, toa hewa kwa mpangilio: sukuma kwa mkono wa pampu ndogo huku skrubu ya filta ikiwa wazi hadi mapovu yaishe, ufunge, uhamie skrubu za pampu ya nozo, na mwisho ulegeze nati za mabomba ya nozo huku mwenzako akizungusha injini kwa stata. Usiweke kidole kuhisi mafuta hapo, kwa sababu dizeli inayotoka kwa mgandamizo huo hupenya ngozi, na jeraha lake huhitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Jibu la pili

Badilisha na vipande vya mpira tangi likiwa chini, kwani ndio wakati rahisi wa kuvifikia. Likishavuta plau kwa muda mrefu bila kushuka mlio, mwambie fundi wako pampu aiache ilivyo. Na kama siku moja italazimu kuifungua, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuipimia, isifunguliwe kwa kukadiria chini ya mti.