Mrejesho: hali ya njia ya Mlima Longonot

Wadau, niliuliza kama Longonot (mlima wa volkano karibu na Naivasha, Kenya) inapandika baada ya mvua za juzi. Inapandika, tumetoka huko Jumamosi. Udongo wa majivu umeshanyonya maji yote. Shida ni mifereji iliyochimbwa na mvua kabla ya ukingo wa kreta (lile shimo kubwa la volkano huko juu), mingine inafika magotini, na changarawe laini inayoteleza wakati wa kushuka. Vaeni viatu vyenye meno.

Kileleni, mita 2,776, Ziwa Naivasha lilionekana lote, na upande wa pili msitu uliojaa ndani ya kreta. Nilisimama pale muda mrefu sana.

Aliyenishauri nianze saa moja asubuhi, asante mno: njiani hakuna maji, na kivuli ni haba.